Masurufu ya Siku Tatu

Mwalimu yeyote aliyewahi kusafiri kikazi analijua neno masurufu, na analijua kwa uchungu: ni fedha anayokabidhiwa kabla ya safari, kisha akirudi hudaiwa stakabadhi. Lakini kabla ya kuingia ofisini, neno hili lilikuwa la njiani. Masurufu ni mahitaji ya msafiri, yaani chakula chake na kila atakachotumia mpaka afike. Mwaka huu nimelirejea kwa sababu ya binti wa marehemu mdogo wangu, muuguzi hapa Bariadi, ambaye amekusudia kukimbia siku tatu mfululizo kutoka Mwigumbi hadi Lamadi akiwa amebeba mwenyewe kila anachohitaji, isipokuwa maji.

Safari yenyewe ni hii: Mwigumbi hadi Maswa, kilomita 50. Maswa hadi Bariadi, 50 nyingine. Siku ya tatu, Bariadi hadi Lamadi karibu na ziwa, kilomita 72. Usiku wa pili atalala kwenye kitanda chake mwenyewe, ila ameapa kutogusa chungu chake.

Ughaibuni mbio za namna hii zina kanuni zake. Marathon des Sables ya jangwani Moroko, iliyoanza mwaka 1986, ni ya kilomita zipatazo 250, na kila mkimbiaji hubeba chakula cha kalori zisizopungua 2,000 kwa siku. Binti yangu aliyasoma hayo, akaniletea orodha: mkoba mwepesi wa kuagiza nje, vyakula vya pakiti vilivyokaushwa viwandani, jiko dogo la gesi, godoro la kupuliza. Gharama yake ilitosha kummaliza mtamba aliyeachiwa na baba yake. “Baba Mkubwa,” akasema, “sitauza bila kauli yako.” Nami ndiye baba aliyebaki. Nikamwomba anipe juma moja.

Sisi washairi tuna neno mizani, na wakulima wa pamba wa Simiyu wanalo pia. Wao huitazama yao kwa mashaka zaidi. Mtunzi wa tarbia iliyozoeleka anajua kwamba mshororo ni mizani 16, na kwamba ya 17 ikipenya, shairi huwa guni hata kama neno lililozidi ni zuri kuliko yote. Sikumwambia hivyo, angecheka. Niliazima mizani ya dukani, tukapima vitu vya kuazima na vya nyumbani vinavyolingana na orodha yake. Kilo 9 na gramu 400, kabla ya tone la maji.

Sasa, wazee wetu hawakuwa wageni wa hesabu hii. Wasukuma walikuwa wakienda kwa miguu hadi ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya siku nyingi katika nchi kavu; mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala juu ya misafara hiyo. Na katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe na vitambaa kati ya bara na pwani, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, kwa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku. Robota la mpagazi liliitwa mtumba. Leo mitumba ni nguo tunazochagua mnadani, na humo ndimo binti yangu alimopata viatu vyake vya mbio, vyepesi kuliko katambuga mara nyingi. Katika hilo simtetei babu: uzito wa mguuni huchosha kuliko wa mgongoni, na tairi ni tairi.

Jambo moja lilinishughulisha kuliko mengine. Mwenda chumvi aliondoka mwepesi akarudi mzito. Mkimbiaji huondoka mzito, na kila mlo humpunguzia. Kwa hiyo chakula ni mzigo unaosamehewa kidogo kidogo, lakini jiko na godoro havisamehewi hata gramu moja mpaka Lamadi. Navyo vilitoka kwanza. Maswa kuna nyumba za wageni zenye magodoro.

Jiko likitoka, chakula lazima kiwe cha kulika bila moto. Hapa Kisukuma kina maneno mawili ambayo Kiswahili cha vitabuni hukusanya kwa udhaifu kuwa “viazi vikavu”. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Hivyo vyahitaji chungu. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hivyo hutafunwa palepale ulipo. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kubeba jiko na kutobeba. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu robo tatu, na jua limekwisha kuyaondoa bila kudai fedha. Gramu 100 za viazi vikavu zina kalori zipatazo 330. Za karanga zilizokaangwa, zaidi ya 550. Tukapima: matobolwa gramu 400, karanga gramu 150, na chumvi ya kulamba kwa ajili ya jasho. Kalori 2,100 na ushei, kwa gramu 550. Siku tatu, kilo 1 na gramu 650.

Maji hatukuyapunja. Lita ni kilo, lakini figo hazifanyiwi ubahili. Atabeba ya kumfikisha kijiji kinachofuata tu, na ajaze tena, Dutwa na kwingineko. Nilikitoa kibuyu cha bibi yake kwa ajili ya kupendeza macho. Akachagua chupa mbili za plastiki, na alichagua sawa, maana kibuyu kikianguka kimekwisha. Khanga moja imebaki: ni shuka, taulo na kivuli. Mkoba atashona fundi wa hapa, wenye mikanda mipana. Mzigo unaochezacheza mgongoni humpagaa mtu, na ni kitenzi hichohicho tunachokitumia kwa mpagazi na kwa pepo.

Mizani ilisema kilo 4 na gramu 100. Mtamba bado yuko zizini.

Tulibishana juu ya kitu kimoja tu. Nilimtaka anipigie simu kila jioni. Akanijibu kwamba simu na chaja yake ni gramu 260, na kwamba Maswa na Bariadi ataazima za watu. Nikamwambia hizo gramu 260 ni zangu, azibebe.