Barafu Juu ya Malindi

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakijiandaa kuadhimisha miaka 7 ya uhuru, kijana mmoja wa Mombasa alikuwa ameinama chini ya bawa la Cessna 150 akikinga petroli kwenye kikombe cha kioo. Akakiinua juani. Wekundu mwepesi, safi, wala hakuna tone la maji lililotuama chini. Alikuwa na saa 19 tu za kuruka, zote zimelipiwa kwa mshahara wa karani wa bandarini, na kila saa mpya ilimaanisha wiki kadhaa za kula muhogo na chai ya rangi.

Kwenye daftari, safari ile iliandikwa kuwa mazoezi ya kufuata ramani: Mombasa hadi Malindi na kurudi. Lakini yeye na mwalimu wake walijua wanakwenda kutazama nini. Ngomeni, mwendo wa kilomita 30 hivi kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, lilikuwa la kuongozea kazi. Wavuvi wa huko walikuwa wameshayazoea, kama watu wanavyozoea mnara wa taa.

Mahali pale hapakuchaguliwa kwa sababu ya ufukwe mzuri. Ngomeni iko takriban digrii 3 tu kusini ya ikweta, ambako dunia inapojizungusha huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, bila kuchoma hata gramu moja ya fueli. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, ndiye aliyeupigania mpango huo, na mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Roketi ya kurushwa siku hiyo ilikuwa na mzigo wa Wamarekani: setilaiti ya kilo 140 na ushei, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei angani. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, kwa hiyo anayeitaka hana budi kuifuata juu.

Waliondoka kiwanja cha Port Reitz saa tano. Kaskazi lilikuwa likivuma, wakawa wanapanda nalo usoni, pwani ikiwa mkono wa kulia. Kilifi waliona kivuko kikikata maji ya hori, magari yamejipanga pande zote mbili. Kisha Mida na mikoko yake, msitu wa Arabuko ukiwa mweusi upande wa bara, na hatimaye Malindi. Mbele kidogo, mto Sabaki ulikuwa unamwaga udongo wa bara baharini, doa kubwa la rangi ya kutu lililokuwa likisogea polepole kwenye maji ya buluu. Kijana alilitazama mpaka mwalimu akamgonga begani.

"Bwana mdogo, ndege hairuki kwa macho ya mtalii."

Marubani walikuwa wametakiwa kukaa mbali na Ngomeni, kwa hiyo walibaki kusini ya mdomo wa mto, futi 2,000, wakizunguka. Ili asipoteze petroli, kijana alipunguza nguvu ya injini. Wakasubiri. Kule jukwaani hesabu ya kurusha ilikuwa ikisimama na kuanza tena, ila angani hakukuwa na wa kuwaambia. Alichokiona ni vijiti viwili vyeusi kwenye upeo wa bahari, na macho yake hayakubanduka hapo.

Ndiyo maana hakuiona saa ya mizunguko ya injini. Sindano ilikuwa imeshuka kutoka 2,200 hadi 2,000, kisha 1,800, taratibu kama maji yanayokupwa. Alichokisikia kwanza ni mlio: injini ilikuwa imepoa sauti, kama mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo. Akasukuma nguvu. Hakuna kilichobadilika. Akasukuma hadi mwisho. Injini ikakohoa, ndege ikaanza kuinamisha pua.

Mwalimu alikuwa amekunja mikono kifuani. Alizaliwa Mombasa, katika familia ya Kihindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji wa Kale. "Kuna nini?" aliuliza.

"Petroli, mwalimu?"

"Petroli ipo. Vuta joto la kabureta. Lote."

Akavuta. Injini ikazidi kuharibika! Ilitetemeka hadi vioo vikagonga, sindano ikaporomoka chini ya 1,500, na mkono wa kijana ukaruka kurudisha kile alichokivuta. Mwalimu akamshika kifundo. "Iwache. Inakunywa maji. Wewe rusha ndege."

Alishusha pua, akashika mwendo wa kuelea, akageuza kuelekea kiwanja cha Malindi. Futi 1,600. Futi 1,300. Chini yao ngalawa moja ilikuwa imetweka tanga, na aliweza kumwona mtu aliyekaa tezi akiinua uso. Kufika futi 1,100 injini ikapiga chafya mbili, ikanguruma, na sindano ikapanda kwa mkupuo.

Ilikuwa barafu. Desemba, Malindi, watu wanatokwa jasho hata kivulini, na ndani ya injini kulikuwa na barafu. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta hutanuka, petroli nayo hugeuka mvuke, na yote mawili hunyonya joto. Linaweza kushuka hata digrii 30. Hewa ya pwani imejaa unyevu, basi unyevu ule huganda na kuziba koo kidogo kidogo, hasa injini inapoendeshwa kwa nguvu ndogo, jinsi alivyokuwa akiiendesha. Ukivuta joto, barafu huyeyuka na maji yake hupitia kwenye injini, ndiyo sababu hali huwa mbaya kabla ya kutengemaa. Yote haya alikuwa ameyasoma. Alikuwa ameyajibu sawasawa kwenye mtihani.

Walitua Malindi. Miguu ilimtetemeka, akakaa kwenye kivuli cha bawa, na roketi ikamtoka akilini kabisa. Saa nane kasoro dakika chache, mlinzi wa kiwanja akapiga ukelele na kunyoosha kidole.

Roketi yenyewe, Scout, ilikuwa ya fueli kavu yenye hatua nne, na haikuondoka kwa kujivuta. Nukta ya moto ilichomoka upeoni, mstari mweupe ukaifuata, na kabla hajasimama vizuri ilikuwa imeshainamia mashariki juu ya Bahari ya Hindi. Alihesabu. Alipopita themanini muungurumo ukawafikia, hafifu, umebebwa na kaskazi. Upepo huohuo ukaanza kuupinda ule moshi.

Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi ule kwa upande wa NASA, aliipa setilaiti jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya chanzo kimojawapo, Cygnus X-1, vikawa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Kijana alipata leseni, akaacha ukarani, akarusha ndege ndogo za kukodi kwa miaka 31, Lamu, Garissa, Wajir, akibeba miraa, wagonjwa na maharusi. Wenzake walimzoea kwa jambo moja: katikati ya maongezi hunyamaza ghafla, akainamisha kichwa, akasikiliza injini, kisha akaendelea alipoishia.

Mwaka 2002 redio ilitangaza kwamba Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa Uhuru, ametunukiwa Nobeli ya fizikia. Mzee alikwenda kabatini akatoa daftari lake la kwanza la safari. Kwenye mstari wa tarehe 12 Desemba 1970 kuna mwandiko wa mwalimu, kwa wino uliopauka: Mombasa, Malindi, Mombasa. Joto la kabureta. Roketi haikutajwa.