Nilirudisha Posa kwa Sababu ya Namba



Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi na mabaibui. Duka langu lipo Mkokotoni, karibu na soko la samaki, na baadhi ya mabiharusi wangu huvuka kwa boti kutoka Tumbatu kuja kupimwa. Leo siandiki habari za lesi wala shanga. Naandika jambo nililolificha miaka minne. Nimeshauriana na mume wangu, akasema andika, huenda likamfaa mtu.

Nilikuwa na miaka 31. Posa imeshapokelewa, mahari yameshatajwa. Mdogo wangu akajifungua kwa upasuaji, ikatakiwa damu, nikajitolea. Siku chache baadaye nikaitwa na kuambiwa damu yangu haifai, nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Nilikuwa siumwi hata kichwa! Nikaelezwa kwamba wengi wetu tuliambukizwa tangu wadogo bila kujua. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002, na mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa skuli tayari.

Swali likawa moja: ini limeshapata makovu? Zamani, ili kujua, ilibidi uchomwe sindano itoe kinyama cha ini kikapimwe. Siku hizi kuna mashine inayowekwa ubavuni, haiumi. Inagonga kidogo kama kidole mlangoni, kisha inatoa namba ya ugumu wa ini. Ini lenye makovu mengi huwa gumu.

Nikapanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam. Niliposhuka nilikuwa na njaa, nikanywa supu na chapati mbili, nikaenda kwenye kituo nilichoelekezwa. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Namba ikatoka 8.3. Nikaambiwa, "Dada, ini lako lina makovu." Mimi nikasikia, "Ini lako limeoza."

Nilirudi na boti ya jioni nikilia ndani ya nikabu. Usiku ule nikawaza: nitampelekea mtu wa watu maradhi, nitamwachia watoto mayatima. Wiki hiyo hiyo nikamwomba mama arudishe posa. Tukasema sijawa tayari. Mama alibeba aibu ile kimya kimya na hakunilaumu hata siku moja.

Baada ya miezi mitatu nikaenda kwa daktari mwengine, mwanamke. Kabla hajatazama karatasi aliniuliza, "Siku ile ulikula saa ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mtu akila, damu nyingi huenda kwenye ini, ini linakaza kwa muda, na namba inapanda. Inatakiwa ukae bila kula angalau saa tatu. Hata ini likiwa na uvimbe wa virusi tu, namba inaweza kupanda bila ya kovu. Akanipima tena nikiwa nimefunga. Ikatoka 5.7. Damu nayo ikaonesha ini limetulia.

Nilishukuru, kisha nikakaa kwenye benchi nikalia upya. Yule bwana alikuwa ameshaoa. Ndiyo qadar, na sina kinyongo. Lakini dada zangu, mimi ni fundi! Mteja akija na baibui zito, simpimi kiuno juu ya baibui, kwani gauni litampwaya. Nikiwa na wasiwasi napima tena kabla ya kushika mkasi. Mbona maisha yangu niliyakata kwa kipimo kimoja cha ovyo?

Tangu hapo nauliza sana. Nimejifunza kwamba hata mahali pa kuweka mstari wa "huyu mgonjwa, huyu mzima" panaweza kukosewa. Kuna hesabu inayotumia damu tu, nafuu kwa sisi wa vijijini kwa kuwa haihitaji mashine ya ubavuni. Wanachukua kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe sahani, wanapata namba. Hesabu hii ilitungwa Marekani mwaka 2003, kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mstari wa ini lililosinyaa kwa makovu uwe 2. Watafiti walipokusanya taarifa za maelfu ya wagonjwa wa Afrika wenye aina ya B, waliona mstari ule unawapita wengi wenye ini bovu. Wanaambiwa wazima, wanarudi nyumbani bila dawa. Mwaka 2024 mstari ukashushwa hadi 1. Kwa hiyo kipimo kinaweza kukutisha bure kama mimi, na kinaweza pia kukutuliza bure, na hilo la pili ni baya zaidi.

Na kama umekulia bara, kando ya Ziwa Victoria, mwambie daktari. Kichocho chetu cha Unguja hushika kibofu, lakini cha ziwani hushika ini. Makovu yake hufuata mishipa, na nyama ya ini inaweza kubaki laini, mashine ikadanganyika. Hapo inatakiwa atrasaundi.

Basi biharusi mtarajiwa, mnapokwenda kupima kabla ya nikaha, ombeni na homa ya ini. Ukiambiwa upimwe ugumu wa ini, nenda na njaa. Uliza: namba hii imechukuliwaje, na damu yangu inasemaje? Usitoe uamuzi mkubwa kwa karatasi moja. Na usiache kliniki kwa sababu namba ni nzuri. Mimi virusi ninavyo mpaka leo, na kila baada ya miezi sita napanda daladala kwenda kuangaliwa.

Alipokuja mume wangu kuposa, nilimweleza yote kabla ya mahari kutajwa. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kuna chanjo?" Nikamwambia ipo, sindano tatu. Akapimwa, akachanjwa zote tatu, kisha tukafunga nikaha. Tunakula sahani moja, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula. Mtoto wetu alichanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mama yake alijua mapema na akauliza mapema.

Gauni la harusi yangu nililishona mwenyewe. Nilijipima mara tatu.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu wote, na awape mabiharusi wetu ndoa zenye kheri. Aamin.