Panga Hupunguza Pointi Ngapi?

Wenzangu wa kalamu, kuna swali ambalo kikundi chetu hapa Themi kimelibishania mpaka majirani wakadhani tunagombea fedha: panga likimpata mtu, limpunguzie pointi ngapi?

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, nieleze. Tunakaa mezani watu watano au sita. Mmoja ni msimulizi. Yeye hutunga mji, njia na maadui. Wengine kila mtu ana mhusika wake na huamua afanye nini. Mambo yakifika kwenye ngumi na silaha, dadu ndiyo huamua. Kila mhusika ana pointi za uhai kwenye karatasi; ukipigwa unafuta, zikiisha umekufa. Ni hadithi tu, ila hakuna anayejua mwisho wake. Kwa mtu anayehangaika na riwaya kama mimi, hiyo ni shule.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika vitabu vile vya kwanza silaha zote zilikuwa sawa: kisu, shoka, upanga, ukimpata adui unarusha dadu moja ya pande sita. Mwaka 1975 ndipo zikatenganishwa. Na zile pointi za uhai, Arneson alizikopa kwenye michezo ya vita vya manowari, kwa sababu wachezaji walichukia kuona mhusika waliyemzoea anakufa kwa pigo moja. Hebu fikiri hapo. Meli hupigwa mzinga wa kwanza, wa pili, na bado inaelea. Binadamu je?

Jedwali letu lilisema bunduki kumi, mkuki saba, sime sita, panga nne, rungu tatu. Aliyelitunga alikuwa na hoja: panga ni chombo cha kufyekea, sime imetengenezwa kwa vita. Aliyempinga ni mwenzetu mwenye kovu la panga begani. Vibaka walimkata usiku.

"Nyie mnafuta pointi nne, mnalala, asubuhi zimerudi," alisema. "Mimi huu mkono haupandi juu ya bega mpaka leo. Hiyo nayo iandikeni basi."

Tukanyamaza.

Tena mji wetu ndio wa mwisho kulidharau panga. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilikaa hapa hapa Arusha, kwenye majengo ya AICC, hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mashahidi walisimulia habari za mapanga na marungu. Watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku mia moja hivi, wengi wao kwa silaha ambazo jedwali letu liliziweka mkiani. Ukali haukuwa kwenye chuma peke yake. Ulikuwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwenye redio iliyochochea, kwa jirani aliyejua mlango wa nyuma, na kwa anayekatwa kukosa pa kukimbilia. Dadu ya pande ngapi inahesabu hayo?

Mwingine akasema basi tuweke ukweli mtupu: ukipigwa, umekufa. Mimi nilikataa. Sisi tumelelewa na Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Shujaa akifa ukurasa wa kumi, kitabu kimeisha. Msomaji anakubali shujaa awe na bahati, mradi ahisi kwamba bahati hiyo ingeweza kukatika.

Na hata hesabu sahihi ya risasi haitoshi. Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa Prussia alitoa mchezo wa vita wa mezani, wenye dadu na majedwali ya hasara, ukatumika kufundisha maofisa. Jeshi la Kijerumani lililokuja kwetu baadaye lilitokana na utamaduni huo. Agosti 30, 1905, katika vita vya Majimaji, wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge wakiamini maji ya Kinjikitile yatazigeuza risasi. Bunduki za rashasha zikawaangusha kwa mamia. Jedwali lolote lingeyatabiri matokeo ya siku ile. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1907, waliokufa walikisiwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa moto. Silaha iliyoua wengi kuliko zote haikuwa na mtutu.

Kwa hiyo hatukuongeza pointi za panga. Tulibadilisha kinachofuata. Mhusika akijeruhiwa, jeraha haliondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Linarushiwa dadu kila wiki ya hadithi, na lazima aseme nani atambeba, nani atamlimia, nani atalipia dawa. Matokeo yake yamenishangaza. Wachezaji wetu waliokuwa wakichomoa sime kwa neno dogo, siku hizi wanaongea kwanza. Wanakimbia. Wanapiga yowe la mwizi. Na pale wanapoamua kupigana kweli, meza nzima inashika pumzi.

Katika riwaya yangu nimebakiza pambano moja tu. Linachukua nusu ukurasa. Sura tatu zinazofuata ni za mtu anayejifunza kuvaa shati kwa mkono mmoja.

Mwenzetu mwenye kovu hajaridhika bado. Anasema kuna jambo ambalo dadu haitaliweza kamwe: kumfanya mtu azunguke njia ndefu saa mbili za usiku, miaka sita baadaye, kwa kuogopa kichochoro kitupu. "Hilo siyo la msimulizi wa mezani," aliniambia. "Hilo ni lako wewe unayeandika." Nami bado naliandika.