Theluthi ya Wasomaji Inakwenda Wapi?

Leo siasa naziweka pembeni. Kuna jambo ambalo sisi waandishi huwaachia "watu wa kompyuta", kumbe ndilo linaloamua nani atasoma tulichoandika na nani atatazama ukurasa mweupe.

Gazeti letu lina seva tatu zenye habari zilezile. Mbele yake kuna mashine moja ya Linux yenye ukuta wa moto (ndiyo, jina hili linanichekesha hata mimi). Unatumia iptables, iliyokuja na kerneli ya 2.4 Januari 2001. Mbali na kuzuia wavamizi, unaweza kubadili anwani inakokwenda pakiti na kuielekeza kwenye seva mojawapo. Msomaji hajui lolote, yeye anaona anwani moja tu. Na hakuna mtambo wa ghali wa kununua. Kwa chumba cha habari ambacho bajeti ya kompyuta huja baada ya bajeti ya chai, hilo si haba.

Jamaa anayetunza seva hizo alinionyesha kanuni zake. Ya kwanza: chukua theluthi. Ya pili: chukua nusu. Ya tatu: chukua wote. Nikamuuliza, kaka, huu si upendeleo? Akacheka, akanipa kalamu.

Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na kila moja huwaona wale tu waliobakizwa na zilizotangulia. Tuseme wamekuja wasomaji 2,700. Ya kwanza inachukua 900. Wanabaki 1,800, nusu yao ni 900. Waliobaki ni 900 wa seva ya tatu. Sasa andika theluthi mara tatu uone: 900, halafu 600, halafu 400. Watu 800 wanabaki mlangoni hawana pa kwenda! Kila mmoja wao amenunua bando kwa hela yake.

Bahati nasibu hii huchezwa mara moja tu kwa kila muunganisho. Pakiti ya kwanza ikishapangiwa seva, kerneli inakumbuka, na nyingine zinafuata njia hiyohiyo. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu: ukuta haujui kama seva iko hai. Ni mpiga debe anayejaza daladala kwa zamu bila kuchungulia kama kuna dereva. Seva moja ikifa usiku, theluthi ya wasomaji itaendelea kupelekwa kwa marehemu. Mhariri anafungua ukurasa ofisini, unafunguka, anasema mambo shwari. Msomaji akilalamika anajibiwa "mtandao wako mbovu". Anajaribu tena, safari hii anaangukia seva nzima, naye anaamini kweli ulikuwa mtandao wake. Kwa hiyo halalamiki tena. Sisi tunabaki kujiuliza kwa nini habari fulani "haikusomwa".

Dawa ipo: skripti inayobisha hodi kwa kila seva baada ya sekunde chache, na isipojibiwa inaandika kanuni upya. Upya, jamani, si kufuta mstari tu. Ukifuta wa seva ya pili, ya tatu itabeba theluthi mbili, walau hapotei mtu. Ukifuta wa tatu, theluthi nzima inabaki bila pa kwenda. Kwenye nftables, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2014, mgawanyo wote hukaa kwenye mstari mmoja na hesabu za mabaki hazipo, lakini nayo haichungulii kama dereva yupo.

Skripti yetu haijaandikwa. Jamaa anasema mwisho wa mwezi. Jumapili tuna habari ya uchunguzi iliyotuchukua miezi minne. Nimemwomba mhariri iahirishwe, na bado hajanijibu.