Dohani Katika Jiko la Kuni

Nyumba zetu za mlimani, tangu Machame hadi Marangu, hazijaachana na kuni. Gesi imefika, na Serikali katika mkakati wake wa mwaka 2024 imekusudia kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Lakini mwezi wa Julai, baridi ishukapo mlimani, moto wa kuni humpikia mama na kumpa joto pia. Basi, madhali kuni zingali nasi, yatupasa kuutoa moshi wake nje. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2. Wauvutao zaidi ni mama zetu, na watoto walio migongoni mwao.

Tulipoazimia kumwekea mama yetu mzazi jiko la chuma lenye dohani, alikataa. Alisema, "Wanangu, moshi huu ndio mlinzi wa mahindi yangu darini. Mkiutoa, nani atawazuia dumuzi?" Neno hilo halikuwa la ujinga. Wazee wetu walikausha kuni na kuhifadhi nafaka juu ya mafiga kwa maarifa. Hatukubishana naye. Tulimletea mapipa yenye mifuniko ya kubana kwa ajili ya mahindi makavu, ndipo aliporidhia.

Ndugu msomaji, kuweka dohani si kutoboa bati tu. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo hupanda; bomba refu lililonyooka huvuta vyema, na kila kona huupunguza mvuto. Kipande kilicho karibu na moto kiwe cha chuma cheusi, wala kisiwe bati la zinki, kwani joto kali huiunguza zinki ikatoa mvuke wenye madhara. Ncha ya chini ya kila kipande iingie ndani ya kile kilicho chini yake, ili majimaji meusi ya moshi yarejee motoni, yasichuruzike nje. Bomba la ukuta mmoja likae inchi 18 mbali na mbao. Lipitapo katika paa, litumike bomba la kuta mbili lenye kizuia joto katikati. Kilele chake kipite tundu la paa kwa futi 3, na kizidi kwa futi 2 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya futi 10. Kwetu upepo hupanda mlima mchana na kushuka usiku. Dohani fupi hupigwa pande zote mbili, moshi ukarudi ndani.

Kuni mbichi huacha ndani ya bomba utando mweusi kama lami, nao ukishika moto huweza kuunguza nyumba. Kwa hiyo kuni zikaushwe bandani kabla ya masika, na bomba lisuguliwe masizi mara kwa mara.

Wala tusidhani kuwa makaa yasiyo na moshi hayana hatari. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku na milango ikafungwa, hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Tuwafundishe vijana wetu katazo hilo pamoja na sababu yake, na baba wa nyumba apande juu ya paa lake mwenyewe, akaitazame dohani kabla baridi haijafika.