Kamba ya Ithaka katika Mississippi

Aghalabu udokezi huhakikiwa kana kwamba ni mtihani. Mhakiki huyaorodhesha majina na matukio ya matini kongwe, akayaweka sambamba na yale ya matini mpya, kisha akamtunuku mtunzi alama kwa kadiri ya mfanano. Filamu ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, O Brother, Where Art Thou?, iliyotoka mwaka 2000, imetahiniwa hivyo mara nyingi, na yenyewe inajitakia. Inatangaza mapema kwamba imetokana na Odyssey ya Homer. Shujaa wake, Ulysses Everett McGill, ni mfungwa mtoro anayerejea kwao Mississippi mwaka 1937, na mkewe anaitwa Penny. Njiani lipo jitu la jicho moja, wapo wanawake watatu mtoni ambao wimbo wao unawalevya wasafiri, na yupo kipofu anayebashiri. Ajabu ni kwamba ndugu hao wamenukuliwa wakisema kuwa hawakuwahi kuusoma utendi wenyewe. Iwe kweli au mzaha, kauli hiyo haipunguzi kitu. Homer amewafikia watu kwa vitabu vya watoto, katuni na sinema kwa muda mrefu hivi kwamba anaweza kudokezwa na asiyemsoma, kama vile methali itumiwavyo na mtu asiyejua kisa kilichoizaa.

Utamu wa udokezi, hata hivyo, hauko pale filamu inapoufuata utendi bali pale inapoukataa. Big Dan Teague, mchuuzi wa Biblia mwenye jicho moja, anahudhuria usiku mkutano wa Ku Klux Klan. Everett na wenzake wamejipenyeza humo wakiwa wamevaa kanzu nyeupe za walinzi, kama Odysseus na watu wake walivyojificha chini ya matumbo ya kondoo. Mlingoti wa bendera unarushwa kumwelekea Big Dan usoni. Hadhira inayomjua Polyphemus imekwisha kulitoboa jicho hilo akilini. Big Dan anaudaka mlingoti! Kitakachommaliza ni msalaba unaowaka moto, unaomwangukia muda mfupi baadaye. Hapa aliyesoma ndiye anayedanganyika, naye asiyesoma anaona mtu tu amedaka mti.

Lakini usiku huo una jambo zito kuliko mzaha huo. Wanaklan wamekusanyika ili kumnyonga Tommy Johnson, kijana Mweusi mpiga gitaa, ambaye Everett na wenzake walimwokota njiani na kurekodi naye wimbo. Kiongozi aliyevaa joho, ambaye mchana ni mgombea ugavana anayejinadi kuwa mtetezi wa mtu mdogo, anaitwa Homer Stokes. Wahakiki wengi hulipita jina hilo kwa tabasamu. Si la kupitwa. Katika orodha nzima ya majina yaliyoazimwa kutoka Ugiriki, jina la mtunzi mwenyewe limepewa mtu mwenye kamba.

Anayekikumbuka kitabu cha ishirini na mbili cha Odyssey hawezi kuliona hilo kuwa sadfa tupu. Baada ya Odysseus kuwaua wachumba waliomkalia nyumba, wajakazi kumi na wawili waliolala nao wanalazimishwa kuzibeba maiti na kuosha viti na meza. Odysseus anaagiza wauawe kwa upanga. Telemachus, mwanawe, anakiona kifo hicho kuwa safi mno kwao. Anafunga kamba ya merikebu na kuwanyonga kwa pamoja, nao wanafananishwa na ndege walionaswa wavuni. Miguu yao inatapatapa kidogo, basi. Utamaduni wa umma, unaopenda nguva, majitu na farasi wa mti, mara nyingi umelifumbia macho tukio hili. Margaret Atwood aliwapa wajakazi hao sauti katika The Penelopiad mwaka 2005, lakini hiyo ni riwaya ya wasomaji. Sinema hupenda shujaa afike nyumbani mikono ikiwa safi.

Filamu ya Coen haikuwaonyesha wajakazi, wala mchumba wa Penny hauawi. Kinyume chake, yeye ndiye anayempiga Everett ngumi. Ila kamba haikuondoka. Imetolewa mikononi mwa anayerejea, ikapewa Klan, na baadaye sherifu anayewasubiri watoro kwenye kibanda cha Everett, makaburi yakiwa tayari yamechimbwa. Huu ndio usomaji mkali zaidi wa Homer ulioko katika filamu hiyo, pengine bila watunzi kukusudia. Mississippi ya 1937 ilikuwa nchi ambamo kunyonga watu bila hukumu kulijulikana vyema, na hadhira ya Marekani haikuhitaji Kigiriki ili kuitambua kamba hiyo. Kasoro ni kwamba Tommy anaokolewa upesi mno, na kicheko kinarudi kabla hofu haijatua.

Kinachowaokoa wote kwa sherifu ni mafuriko: bonde linafunikwa na maji ya bwawa la umeme. Hapo ndipo mtihani wa Penelope unapobadilika. Penelope alimjua mumewe kwa siri ya kitanda kilichochongwa kutokana na shina la mzeituni lililo bado ardhini, kitu kisichohamishika. Penny anataka pete yake ya ndoa iliyoachwa kibandani. Everett anamletea pete iliyookolewa majini. Penny anaitazama na kusema si yake. Pete yake iko chini ya ziwa. Anaendelea kutembea na mabinti zake, Everett akimfuata nyuma akibishana, na huko relini yule kipofu anapita na kigari chake.