Kushambulia Liège, kujilinda Kolwezi

Ukitazama watu wa karate wakipambana kwa mazoezi, hukawii kujua wamefundishwa wapi. Hapa Liège, Ubelgiji, kijana huingia ndani mapema, ngumi mbili kisha teke, hata kama naye atapigwa njiani. Kwetu Kolwezi, Kongo, mwalimu angemtoa nje apumzishe haraka zake. Wengi hudhani tofauti ni ya ujasiri. Mimi nasema ni ya gharama: mtu hupigana kulingana na anacholipa akipigwa.

Huku Ubelgiji mtu halipi kitu kikubwa. Amevaa glavu, kinga ya meno na kinga za miguu, na chini kuna tatami laini. Isitoshe, kanuni za mashindano zinamsukuma mbele: ngumi ni pointi 1, teke la mwilini 2, teke la kichwani 3, na anayekwepa pambano au kutoka nje ya uwanja huonywa. Kwa hesabu hiyo, kusubiri ni hasara. Ndiyo maana hapa wanafundisha kutangulia. Unajifanya unapiga usoni ili mkono wa mwenzako upande, kisha unapiga tumboni. Unaunganisha mapigo matatu, la kwanza na la pili yakiwa ya kumshughulisha tu. Nyumbani tulipiga moja, tukasimama kuangalia kama limefika.

Nyumbani, katika mtaa wa Manika, tulifanya mazoezi juu ya sementi, mikono mitupu. Wenzetu kadhaa walikuwa wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti. Kifundo cha mkono kikiteguka jioni, kesho mtu hashuki shimoni, na asiposhuka, bukari ya watoto itatoka wapi? Basi mwalimu alianza na umbali. Alikunja mkanda mara mbili, akawapa watu wawili, kila mmoja aushike usawa wa kiuno. Ukinyooka, ngumi haifiki. Ukilegea, mmoja wao yuko hatarini. Mshambuliaji anasogea ili aulegeze. Mlinzi anarudi ili aunyooshe au, afadhali zaidi, anapiga hatua ya mshazari na kujikuta ubavuni mwa mwenzake huku ngumi ikipita hewani. Hapo ndipo anaruhusiwa kujibu. Wakubwa waliokaa ukutani walikuwa wakipaza sauti: “Mudogo, rudisha mukono!” Ngumi ikichelewa kurudi, uso unabaki wazi.

Wapo wanaoita subira hiyo woga. Wakumbuke pambano la ndondi la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwachia George Foreman wa miaka 25 apige mpaka achoke. Raundi ya 8 Foreman akaanguka. Wazee wetu wanazisimulia zile kamba hadi leo, lakini wanasahau nusu ya habari: raundi ya kwanza Ali ndiye aliyeanza, kwa mkono wa kulia, na hata akiwa kwenye kamba aliendelea kurudisha ngumi za haraka usoni. Kujifunika peke yake hakukumpa ubingwa.

Ndugu zangu wa Kolwezi wananiomba niwatumie glavu. Nitatuma, na kinga za meno pia. Ila glavu zina hila: zikipunguza maumivu, zinapunguza na sababu ya kurudisha mkono. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu wa huko ni huu: mtoto aanze na umbali, bila kugusana. Akishazoea kutoka kwenye mstari wa pigo, avae glavu na afundishwe kutangulia, kudanganya na kuunganisha mapigo. Mkianza na glavu, mtapata washindi wa pointi wasiojua kujilinda mahali pasipo na refa.